Istilahi za Tiba Mpya ya Saratani: Uhakiki wa Karatasi Moja Iliyosomwa Meru

Karatasi tunayoihakiki hapa ina kurasa nne tu. Haikutolewa na wizara wala na chama chochote cha wafasiri. Iliandikwa kwa Kiingereza katika hospitali moja ya ng'ambo, ikafasiriwa kwa Kiswahili na mtu tusiyemjua, kisha ikasafiri ndani ya bahasha ya mgonjwa mpaka kijiji kimoja juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Tuliipata kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akimsomea shemeji yake. Alikuja kutuona Arusha mjini tulipokuwa huko kwa kazi za istilahi, akaiweka mezani, akasema: "Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja. Hii nimeisoma mara sita. Sasa naomba mnifasirie."

Shemeji yake ni mkulima wa kahawa na migomba, mwenye umri uliozidi miaka sitini. Alikuwa na saratani iliyoanzia kwenye unyayo, ile ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ambayo kwa watu weusi hutokea zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Alitibiwa kwa dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili, akarudi nyumbani na karatasi yake. Baada ya majuma machache ngozi ya miguu na ya mgongo ikaanza kumwasha. Karatasi ilimtaka amwone daktari "endapo ngozi itakuwa nyekundu". Mzee alitazama ngozi yake kila asubuhi, hakuona wekundu wowote, akangoja. Alipofikishwa hospitali alikuwa na malengelenge tumboni na mapajani. Ngozi imepona, lakini tiba ya saratani ililazimika kusimamishwa kwa muda. Hatusemi kwamba neno moja ndilo lililomwuguza. Twasema kwamba neno moja lilimchelewesha.

Hatukusudii kumfedhehesha mfasiri. Sarufi yake ni safi, na mahali pengi amejitahidi kuepuka maneno ya kigeni yasiyo ya lazima. Kosa lake ni la wengi wetu tunaofanya kazi hii: alitafuta neno la Kiswahili kwa kila neno la Kiingereza, hakujiuliza msomaji atafanya nini baada ya kulisoma.

Yafaa kwanza tuieleze tiba yenyewe, maana mhakiki wa istilahi asiyekijua kitu kinachotajwa hugombana na kivuli. Katika damu ya binadamu mna seli nyeupe ambazo kazi yake ni kushambulia vitu vigeni na seli zilizoharibika. Ili zisiushambulie mwili wenyewe, seli hizo zina protini zinazofanya kazi kama breki. Mbili zinazotajwa sana ni zile ziitwazo CTLA-4 na PD-1. Saratani ni janja: huzikanyaga breki hizo, seli za kinga zikatulia mbele ya adui. Dawa mpya huzilegeza. Ya kwanza, ipilimumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011. Nivolumabu na pembrolizumabu zikafuata mwaka 2014. Na mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi uliozizaa. Sasa, kinga iliyolegezewa breki haichagui vema. Yaweza kugeukia mapafu, utumbo, ini au tezi, lakini ngozi ndiyo inayoguswa mara nyingi zaidi, na mara nyingi ndiyo ya kwanza. Kwa baadhi ya dawa hizi athari za ngozi hufika theluthi moja ya wagonjwa au zaidi. Mara nyingi huanza katika majuma ya mwanzo. Nyingine, hasa malengelenge, hutokea baada ya miezi, hata pale dawa imekwisha kuachwa.

Hapo ndipo karatasi inapopata uzito wake. Bei ya dawa hizi ni kubwa mno, na hapa nchini wanaozipata ni wachache. Baadhi yao hutibiwa nje. Daktari aliyeandika dawa huwa mbali siku ngozi inapoanza kusema. Anayebaki na mgonjwa ni mkwe, mjukuu, mwalimu jirani, na kipande cha karatasi.

Tuanze na jina. Karatasi yaiita tiba hii "tibakinga". Kwa muundo, neno limefuata njia halali, ile ile iliyotupatia "tibakemikali", na kwenye orodha ya istilahi lingependeza macho. Tatizo ni kwamba katika masikio ya Mtanzania kinga na tiba ni maneno yanayokabiliana. Ukuta wa zahanati umetufundisha sote kwamba kinga ni bora kuliko tiba. "Dawa ya kinga" hupewa mtu mzima asiyeumwa: mama mjamzito humeza asipate malaria. Mwalimu wetu aliposoma "tibakinga" alielewa kwamba shemeji yake amekwisha kupona na kwamba sindano zile ni za kuzuia ugonjwa usirudi. Kwa hiyo ngozi ilipoanza kuwasha, familia iliihesabu kuwa ugonjwa mwingine kabisa, usiohusiana na dawa. Tungependa wafasiri waandike "tiba ya kuamsha kinga" katika maandishi yote yanayomfikia mgonjwa. Ni maneno mengi, twajua. Lakini kitenzi kile "kuamsha" ndicho kinachobeba elimu yote: kilichoamshwa chaweza kuamka kupita kiasi. "Tibakinga" na ibaki katika vitabu vya wataalamu, ambako hakuna atakayeichanganya na chanjo.

Kibaya zaidi ni "kizuizi cha kituo cha ukaguzi", ambacho karatasi inakitumia kwa kundi zima la dawa hizi. Kwa mkazi wa Usa River kituo cha ukaguzi ni mahali askari wanaposimamisha magari barabarani. Mwalimu alituuliza, bila kutabasamu, kama dawa hiyo yakatazwa kusafirishwa. Breki, neno ambalo kila mpanda daladala analijua, lingetosha. Twaandika "dawa za kulegeza breki ya kinga". Twasema kulegeza, hatusemi kuondoa. Gari lisilo na breki kwenye mteremko halina faraja yoyote, na dawa hizi haziondoi breki zote.

Kuna jambo jingine kubwa zaidi ndani ya neno hili kinga, na hatukulitarajia. Taifa zima lilijifunza neno hilo kutokana na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza hapa nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na jina lililokuja baadaye, Upungufu wa Kinga Mwilini, ni mojawapo ya istilahi zilizofaulu kupita zote katika historia ya kazi yetu: lilieleza ugonjwa kwa maneno matatu, likafupishwa, likaingia kila nyumba. Waelimishaji wakaongeza picha ya askari wa mwili wanaopungua. Picha ile ilifaa. Lakini imetuachia urithi: kwa karibu miaka arobaini kinga imesemwa kuwa kitu kinachopungua, kitu ambacho mtu hawezi kuwa nacho kupita kiasi. Mwenye kuambiwa "kinga yako imezidi" anadhani anasifiwa.

Miaka ile ile iliwafundisha watu kuisoma ngozi ya jirani. Ugonjwa ambao Kiswahili kiliuita mkanda wa jeshi, malengelenge yanayojipanga upande mmoja wa kifua au kiuno, ulifika mahali ukawa kama cheti. Aliyeupata alinong'onwa sokoni. Vivyo hivyo vipele vyeusi vya miguuni na mikononi. Sasa mfasiri anapoandika katika sentensi moja "kinga", "upele" na "malengelenge", msomaji hamalizi sentensi. Mwalimu alikiri kwamba ndugu wawili walipoisikia karatasi ikisomwa walinyamaza, na mmoja akauliza kando kama mzee amepimwa. Hatuwezi kuikataza historia ya maneno. Twaweza, hata hivyo, kumtaka mfasiri aandike sentensi moja ambayo Kiingereza hakikuihitaji: kwamba hali hii haitokani na upungufu wa kinga, wala haimwambukizi mtu mwingine. Wapo watakaosema kwamba kuongeza sentensi ni kuvuka mpaka wa ufasiri. Sisi twaona kwamba karatasi ya hospitali inafasiriwa kwa ajili ya mgonjwa, na aliyeandika asili hakuwa na Kagera kichwani mwake.

Tufike kwenye "nyekundu", neno lililotuleta hapa. Maandishi ya tiba ya Ulaya na Marekani yameandikwa kwa muda mrefu juu ya ngozi nyeupe, na katika ngozi hiyo uvimbe mwepesi wa ngozi huonekana kwa wekundu. Katika ngozi nyeusi damu ile ile inayojaa chini ya ngozi huonekana kwa rangi nyingine: weusi uliokolea kuliko ngozi ya jirani, zambarau iliyofifia, kijivu, au kahawia nzito. Mara nyingine macho hayaoni kitu, na mkono ndio unaohisi joto, ukavu na mikwaruzo. Mfasiri aliandika "nyekundu" kwa sababu asili ilisema hivyo. Ni uaminifu kwa neno na usaliti kwa ngozi. Wala Kiswahili hakikosi maneno. Twasema rangi imekolea. Twasema ngozi imevilia damu. Twasema rangi ya damu ya mzee, na kila fundi cherehani wa soko la Kilombero anajua ni kitambaa gani. Mstari ule wa karatasi ungepaswa kusema: "Tazama kama kuna mahali ngozi imekolea weusi, au imepata rangi ya zambarau au ya damu ya mzee. Pitisha mkono, ukihisi joto, mikwaruzo au vipele, toa habari hata kama huoni rangi." Haya yangetosha. Mzee wetu alihisi yote hayo kwa mkono wake, na karatasi haikumpa ruhusa ya kuyaamini.

Majina ya hali zenyewe za ngozi yametupa kazi nyingi, na hapa mfasiri alikuwa na kisingizio, kwa kuwa kamusi zetu zenyewe hazijatulia. Neno "upele" amelitumia kwa kila kitu. Lakini upele, kwa watu wengi, ni ule ugonjwa wa wadudu unaoambukizwa kwa kulala pamoja, wenye kutibiwa kwa kuchemsha nguo na kupaka dawa ya kiberiti. Aliyeambiwa ana upele huchukua hatua zinazofaa upele, na dawa kali za kupaka juu ya ngozi iliyowaka ni balaa. Tunapendekeza "vipele" kwa hali hii ya kawaida ya madoa na vinundu vidogo, na "upele" uachiwe wadudu wake. Kuwasha ni kuwasha. Hatuoni kwa nini karatasi iandike "hisia ya mwasho wa ngozi" kana kwamba ni falsafa. "Malengelenge" yamekaa vizuri. "Kubabuka" ni neno zuri zaidi kuliko "kutengana kwa tabaka la juu la ngozi", na ndilo mama yeyote aliyeunguzwa na maji ya moto analijua. Karatasi inataja hali ile adimu ambapo ngozi hubabuka pamoja na vidonda vya mdomoni, machoni na sehemu za siri, hali inayoweza kuua. Kuiandika kwa maneno sita ya kitaalamu ni kuificha.

"Mzio" tunaukataa kwa nguvu. Karatasi yasema mara tatu kwamba mgonjwa "amepata mzio wa dawa". Neno hili ni la kale na lina heshima yake: lilitaja chakula ambacho mtu au ukoo hautakiwi kukila, na likahamia vizuri kwenye mwili unaokataa kitu fulani. Watanzania wengi wanajua pia kusema kwamba dawa za salfa hazipatani nao, na ni kweli zimewababua baadhi yao. Lakini mwenye mzio huacha kile kinachomdhuru, na haki yake. Vipele vya tiba ya kuamsha kinga vina asili nyingine: seli zilizoamshwa zimeigeukia ngozi. Vikiwa vichache, mara nyingi daktari huendelea na tiba huku akivituliza kwa dawa ya kupaka. Mgonjwa aliyeambiwa ana mzio huikimbia tiba iliyokuwa ikimwokoa, na kila hospitali atakayoingia atatangaza mzio asiokuwa nao.

Neno gumu kuliko yote ni "mbalanga". Tiba hizi huweza kuondoa rangi ya ngozi mahali mahali, hasa kwa wagonjwa wa saratani ya seli za rangi, kwa sababu kinga inayoziwinda seli zilizougua huziua na nzima zenye kutengeneza rangi. Jambo la ajabu ni kwamba kwa wagonjwa hao mabaka meupe mara nyingi huenda pamoja na tiba kufanya kazi vizuri. Ni habari njema iliyovaa nguo mbaya. Mfasiri ameandika "mbalanga au barasi". Kwa maana ya kamusi hakukosea sana. Lakini barasi ina historia ndefu ya kuchanganywa na ukoma, na mbalanga haijasalimika na uchafu huo. Juu ya ngozi nyeusi mabaka haya huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Twapendekeza "mabaka ya kupotea rangi", maelezo matupu yasiyo na ukoo. Wenzetu wawili katika idara hawakubaliani nasi. Wanasema kwamba tukilikimbia kila neno lenye aibu, lugha itabaki na maelezo bila majina, na kwamba njia iliyo bora ni kulisafisha neno mbalanga kwa kulitumia. Hoja hiyo ina nguvu. Tungeifuata katika kitabu cha shule. Katika karatasi ya mgonjwa mmoja, anayekwenda kanisani Jumapili mbele ya kijiji kizima, tumeshindwa.

Sehemu ya vipimo vya ukali ni fupi, lakini imejaa mitego. Madaktari huzigawa athari hizi kwa ngazi, ya kwanza ikiwa nyepesi na ya nne ikiwa ya kutishia uhai. Mfasiri ameandika "daraja la kwanza" hadi "daraja la nne". Nchi iliyosoma matokeo ya mitihani kwa madaraja, na kupanda treni kwa madaraja, inajua kwamba la kwanza ndilo kubwa. Familia ya Tengeru ilifurahi kuona vipele vyao vimeandikwa chini ya daraja la mwisho. "Hatua" nayo haifai, maana imekwisha kuchukuliwa na hatua za saratani yenyewe. Tumeshika "ngazi ya ukali". Kisha karatasi yasema ngazi ya kwanza ni ile inayochukua "chini ya asilimia 10 ya uso wa mwili", ya pili "asilimia 10 hadi 30", ya tatu zaidi ya hapo. Uso wa mwili! Mkwe wa mzee, msichana aliyemaliza kidato cha nne, alikagua uso wa baba mkwe wake kwa makini, hakuona kipele, akaandika kwenye daftari: hakuna. Mwenye kosa hapo si yeye. Kipimo kilicho rahisi kipo, na wauguzi wanakitumia: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yake yote. Basi iandikwe: "Pima kwa kiganja cha mgonjwa. Vikifika viganja kumi, usingoje."

Juu ya vyote hivyo limekaa jina la jumla la mambo haya. Huko nyuma watu wameandika "madhara ya pembeni", "athari za kando" na mengine ya aina hiyo, yaliyobebwa mzima mzima kutoka Kiingereza. Pembeni mwa nini, hatuambiwi. Kliniki za uzazi wa mpango zilijitungia lao, "maudhi madogo madogo", nalo limeenea hadi kwenye chanjo na dawa nyingine. Twalipenda neno hilo. Lina upole, lina ukweli wa maisha, na limewazuia wanawake wengi wasiogopeshwe bure. Lakini karatasi yetu imelitumia kwa kila kitu, kuanzia kuwasha hadi kubabuka. Maudhi huvumiliwa, ndiyo maana yake. Mzee wa Tengeru, mtu wa kizazi kilichofunzwa kwamba mwanamume hasemi kila kinachomwuma, aliyavumilia maudhi yake kwa adabu. Tunashauri "athari za dawa" liwe jina la jumla, kwa kuwa athari haisemi nyepesi wala nzito. "Maudhi" libaki kwa zile ambazo mgonjwa anazitaja kwenye miadi ijayo. Na "madhara" lianze pale anapotakiwa kuondoka nyumbani. Hivyo msamiati wenyewe utafanya kazi ya ngazi za ukali, bila namba.

Tusijidai kwamba lugha ya mambo haya inaanza na sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Afrika Mashariki ilijifunza kwa uchungu kwamba thiasetazoni, dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu, iliwababua ngozi wagonjwa waliokuwa pia na virusi vya UKIMWI, na baadhi yao walikufa; Shirika la Afya Duniani likashauri isitumike kwao. Baadaye ilikuja nevirapini katika dawa za kupunguza makali ya virusi, nayo ikawa na vipele vyake. Wauguzi wa Kibong'oto, wa Mount Meru na wa zahanati za vijijini walipaswa kuwauliza wagonjwa kila mwezi: vimeanzia wapi, vimefika mdomoni, macho yanauma, ngozi inabanduka ukiigusa? Maswali hayo yaliulizwa kwa Kiswahili, kwa watu ambao nyumbani husema Kimeru au Kimaasai, na yalieleweka. Hakuna aliyeyakusanya kwenye faharasa. Vivyo hivyo Moshi, kama kilomita 80 kutoka Arusha, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, ambacho kimewahudumia watu wenye ualbino na kutengeneza mafuta yao ya kuzuia jua. Wanaosoma na kufundisha pale wana hazina ya maneno ya ngozi kuliko kamati yoyote ya istilahi. Sisi tulioketi na orodha za Kiingereza mbele yetu tungefanya vizuri kuwasikiliza kwanza.

Sehemu ya matibabu ya athari hizi imefasiriwa vizuri kuliko nyingine, isipokuwa pawili. Pa kwanza ni steroidi, ambazo karatasi inasema ni "dawa za kupunguza kinga". Baada ya yote tuliyoeleza juu ya UKIMWI, msomaji aweza kufikiri nini? Familia ilikataa vidonge hivyo kwa siku mbili. "Dawa za kutuliza kinga" ni sahihi vile vile kitaalamu, na kutuliza ni kitendo cha hisani. Daktari aliyewashawishi hatimaye hakutumia istilahi yoyote. Aliwaeleza kwamba walinzi wa mwili wamechangamka mno, na mzee mwenyewe akamaliza maelezo: "Kumbe ni mbwa wa boma aliyefunguliwa mchana. Mwizi amemfukuza, sasa anawauma watoto." Hatutaipendekeza sentensi hiyo kuwa istilahi. Lakini tungetoa kurasa mbili kati ya zile nne ili ipate nafasi.

Pa pili ni ushauri wa kutunza ngozi, ambapo mgonjwa aelekezwa kutumia "kilainisha ngozi kisicho na viambato vya manukato". Tulipoandika upya karatasi nzima tuliweka "mafuta yasiyo na manukato", tukaridhika. Rasimu tulimpelekea Mwalimu, naye akaturudishia ikiwa na kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi. Juu ya mafuta yetu alikuwa ameandika: "mafuta ya mgando, yale meupe yasiyonukia, asiogee sabuni ya mche". Mbele kidogo, pale tulipoandika kwa fahari "ukiona malengelenge, mwone daktari mara moja", alipiga mstari chini ya maneno mawili ya mwisho, akauliza pembeni: "Mara moja maana yake leo, au safari moja?" Tumeandika "siku hiyo hiyo".